Robo Saa Kabla ya Mkate

Mtaani walimwita Redio, kwa sababu akishafumbua macho asubuhi mdomo haukufungwa mpaka usingizi umchukue. Alikuwa na miaka tisa, na kisukari kilimpata akiwa na sita. Mama yake alikuwa fundi wa plasta, mwanamke pekee kati ya mafundi waliokuwa wakijenga ghorofa nyuma ya soko, mwenye viganja vilivyokwaruza kama msasa. Viganja hivyohivyo ndivyo vilivyomchoma binti sindano ya insulini kila asubuhi, polepole, hata Redio akawa anasema mama yake hachomi, anabisha hodi tu.

Shida ilikuwa saa nne. Alfajiri kipimo cha sukari kilisoma sita au saba, fundi akamshukuru Mungu. Redio akala mkate mweupe na jemu, akashushia chai, akaenda shule. Saa nne mwalimu akamsaidia kupima: kumi na saba. Kesho yake kumi na nane. Ujumbe ulimkuta fundi juu ya jukwaa la ujenzi, mwiko mkononi. Mwalimu aliandika kwamba mtoto anasinzia, ameenda chooni mara tatu, na kubwa kuliko yote, amenyamaza.

Fundi akafanya alichokijua: akapunguza mkate. Vipande vitatu vikawa viwili, viwili vikawa kimoja. Asubuhi moja Redio alikitazama kile kipande peke yake sahanini, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, nimekosa nini?"

Fundi aligeukia dirishani akajifanya ananyoosha pazia. Siku hiyo hakwenda kazini. Alimshika mtoto mkono wakaenda kliniki.

Muuguzi, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alilipitia daftari la vipimo ukurasa kwa ukurasa.

"Sindano unampiga saa ngapi?"

"Akishakaa mezani. Mimi nachoma, yeye anatafuna."

"Papo hapo?"

"Papo hapo. Kazini wanangoja, daktari."

"Kazi gani?"

"Napiga plasta."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Hebu nifundishe. Ukuta wa matofali makavu, ukiupiga plasta bila kuulowesha, inakuwaje?"

"Ukuta unanyonya maji yote, plasta inapasuka. Lazima uloweshe kwanza, usubiri ukuta unywe, ndipo..." Fundi akakatiza maneno yake. "Ooh!"

"Ndiyo hivyo. Insulini hii inachukua muda kuamka, na mkate mweupe wenye jemu haungoji mtu. Tena asubuhi mwili huwa mkaidi kidogo. Mchome robo saa kabla hajala. Ila pima kwanza! Ikiwa chini ya nne, hakuna kungoja, mpe kitu kitamu palepale. Dozi usiibadilishe bila kuniuliza. Na mkate wake mrudishie: vipande viwili vya ngano isiyokobolewa, na yai. Jemu ipumzike."

"Nisikie vizuri," Redio akadakia. "Viwili?"

"Viwili."

"Mama, huyu daktari anajua kazi."

Jambo moja muuguzi hakuliandika popote: nani atamkalisha Redio robo saa nzima mbele ya yai la moto? Asubuhi ya kwanza aliuliza "Bado?" mara kumi na moja. Aliyehesabu ni bibi yake, mama mzazi wa fundi, waliyekuwa wakiishi naye. Asubuhi ya pili fundi alichoka. "Si wewe ni Redio? Basi tusomee habari."

Redio akapanda juu ya kigoda, kijiko kikageuka kipaza sauti.

"Hii ni taarifa ya habari kutoka jikoni. Paka wa jirani ameonekana akitoka dirishani kwetu na uso wa wizi. Bibi amekana kwamba anakoroma, ingawa mashahidi ni wengi. Hali ya hewa: Mama ana mawingu, lakini baada ya chai tunatarajia jua."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa gauni. Robo saa ikapita bila mtu kuiona.

Juma hilo kipimo cha saa nne kilisoma kumi na nne, kisha kumi na moja, kisha tisa. Fundi alianza kupiga mluzi jukwaani. Halafu, Jumanne iliyofuata, kumi na saba tena! Sindano ilichomwa kwa wakati, mkate ulikuwa uleule. Fundi aliumiza kichwa mchana kutwa asipate jibu. Jibu lilikuja na taarifa ya habari ya kesho yake.

"Habari zilizotufikia hivi punde," Redio alitangaza, macho chini, "vijiko vitatu vya sukari vilionekana vikiingia kwenye kikombe cha mtoto. Mhusika ni mtu mzima. Jina lake tunalihifadhi, ila ana meno mawili mbele."

Bibi akainua mikono juu. "Mwanangu, aliniangalia kwa yale macho yake!"

"Vitatu, mama?"

"Vilikuwa vidogo."

Fundi alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Wakacheka wote watatu mpaka yai likapoa. Tangu siku hiyo bibi akajiteua mlinzi wa kopo la sukari, akalificha vizuri hata yeye mwenyewe akanywa chai bila sukari siku mbili akilitafuta.

Jumamosi fundi alikuwa nyumbani. Saa mbili zilipopita baada ya kula, Redio alijitoboa kidole, wakainamia kipimo vichwa vikigusana. Nane nukta sita. Redio alikimbilia dirishani akaipaza namba hiyo mtaa mzima, na mshona viatu wa ng'ambo ya pili, asiyejua hata inahusu nini, akapiga makofi. Fundi alivuta kiti, akajikatia mkate, akala ameketi, si wima kama siku za kazi, bila haraka, huku bibi akimmiminia chai.