Maji Yaliyotumwa kwa Walimu

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, Bariadi tulipata wanunuzi binafsi wa pamba, mitumba ya kila aina, na wachimba dhahabu. Hao wa mwisho walisafisha dhahabu yao kwa zebaki, juu kidogo ya pale mama yangu alipochimba kisima chake kwenye mchanga wa mto. Mdogo wangu alikuwa nyumbani na mimba yake ya kwanza, na maji aliyokunywa yalikuwa hayo. Nilikosa raha kabisa.

Mimi nilikuwa chuoni Dar es Salaam, nikimsaidia mhadhiri wangu kuchunguza unga mweusi wa mirija ya kaboni, mirija myembamba kiasi kwamba jicho haliioni, ambayo hunasa sumu kama zebaki na madini ya risasi zilizomo kwenye maji. Nikampigia mama kupitia simu ya muuza duka, nikamwomba anitumie kwa basi chupa ya maji ya kisima. Tulipoyapima kwa mashine yalikuwa safi. Nilicheka peke yangu mle maabara.

Furaha yangu haikufika mbali. Nilipompigia kumshukuru, mama aliniambia bila wasiwasi wowote, "Ng'wanone, mwanangu, yale ya kisima yana tope. Walimu wako ni wageni wetu, ningewapaje tope? Niliwakingia ya mvua."

Kwetu mgeni hupewa kilicho bora, hata kama mgeni mwenyewe ni mashine. Mhadhiri alicheka hadi akavua miwani. Mimi nikakata tiketi ya kwenda nyumbani.

Nilichota mwenyewe, tope na yote, nikarudi nayo chuoni. Zebaki ilikuwemo. Tuliyatia unga, tukatikisa, tukachuja, na mashine haikuiona tena. Lakini unga wetu ulikuwa wa kijiko tu, na mhadhiri, ambaye namshukuru kwa kutonidanganya, alisema wazi kwamba hautafika kwenye mtungi wa mtu yeyote karibuni.

Kumweleza mama hilo kuliniuma kuliko majibu yenyewe: dawa ipo, na sina. Hakunilaumu. Alikifukia kisima chake kwa jembe, akawaeleza majirani sababu, na kuanzia hapo alifuata maji kwenye pampu ya kijiji cha pili, asubuhi na jioni, ndoo kichwani, akamzuia mdogo wangu asiibebe hata mara moja. Mtoto alizaliwa mzima. Nikiulizwa leo ni kitu gani kilimkinga na zebaki, nataja shingo ya mama yangu.