Mtoto Aliyekatazwa Kucheka

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu ilikuwa mwiko kumchekesha mdogo wangu Namsifu. Mama alikataza kabisa. Na mtoto mwenyewe alikuwa mchangamfu, kuku akipita tu anacheka, basi ikabidi tumnunie mchana kutwa.

Sababu tuliijua mama na mimi tu. Nilikuwa namlisha uji, kidole changu kikagusa kitu kigumu kwenye ufizi wa juu. Wa chini ulikuwa laini. Kwetu Upareni, mtoto anayeota meno ya juu kwanza ni kigego, na kigego, walisema wazee, humaliza ukoo. Zamani vigego walipelekwa kwenye jiwe la ukingoni mwa mlima, wakaangushwa. Serikali ya Waingereza ilipiga marufuku, lakini boma lilikuwa kule chini Same, na mtoto akinyimwa maziwa, nani atajua hakufa kwa homa? Baba alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Mama alikuwa peke yake.

Bibi, mama yake baba, alikuja siku moja kutuletea ndizi. Namsifu akamwona, akacheka kinywa wazi. Bibi aliushusha mkungu taratibu. Nilimpenda sana bibi yangu, nampenda hata leo, ndiyo maana maneno yake yaliniumiza.

"Mwanangu," alimwambia mama, "atakayembeba huyu mgongoni atakufa, yeye au mwanawe. Nimeyaona kwa macho yangu. Wazee watakuja baada ya mavuno."

"Mama, ni mjukuu wako."

"Nina wajukuu wengine. Hao nao niwatupe?"

Habari ikaenea mlimani. Pale kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, mama aliwaamkia shikamoo waliomzidi umri, na hakuna aliyeitikia. Zamu yetu ya maji ikarukwa, maharage yakanyauka. Hata waliokaa naye benchi moja kanisani walihama benchi. Mama alikonda, maziwa yakapungua, na nilimsikia akiomba jikoni, "Bwana, yarudishe ndani. Yarudishe tu haya meno."

Mwinjilisti aliyetufundisha kipaimara hakuja kuhubiri. Alikuja alasiri moja na darasa zima, akatusimamisha uani.

"Amri ya kumpenda jirani mnaijua kwa kichwa," alisema. "Leo tutaijaribu kwa mgongo. Nani atambeba huyu mtoto hadi ndiva, watu wakimwona?"

Vijana wote waliinamia vidole vya miguu yao. Aliyejitokeza ni Elisante, mwana wa pekee wa mwinjilisti, mtani wa kila mtu. Akainama mbele ya mama.

"Nifungie, mama. Mzigo wa kuni ni mzito kuliko huyu."

Tulikwenda kwa msafara, tukiimba. Njiani wengine nao wakaomba zamu ya kumbeba. Siku ile mama alimwacha Namsifu acheke, nami nikadhani tumepona.

Kabla mahindi hayajakauka, Elisante alishikwa na homa. Dawa za zahanati hazikusaidia, na akafa.

Niseme nini? Neno la bibi lilikuwa limetimia. Sisi sote tuliombeba Namsifu tulilala tukijipapasa vipaji vya uso, na darasa la kipaimara likabaki tupu. Wazee wakasema hawangoji mavuno tena, wakishazika watapitia kwetu.

Mazikoni mama alimleta Namsifu, maana hakukuwa na mtu wa kumwachia. Tukajibanza migombani, mbali na watu. Mwinjilisti alianza kusoma, akafunga kitabu katikati ya aya. Ndipo mkewe, Mama Elisante, aliponyanyuka kwenye mkeka wa wafiwa akaja moja kwa moja upande wetu. Nilijua anakuja kumpiga mama.

"Nipe mtoto," alisema.

"Dada, nisamehe..."

"Nipe."

Akamfunga mgongoni kwa kanga yake ya msiba, akawageukia wazee.

"Mlisema anamuua anayembeba, au mwanawe. Mwana sina tena. Nimebaki mimi. Basi nitambeba mimi."

Nani angemwambia mfiwa afungue mbeleko? Namsifu, asiyejua lolote, alipoona umati ule akaanza kucheka, tena kwa sauti. Mama yangu, kwa mazoea, alinyoosha mkono amzibe kinywa. Mama Elisante akaushika ule mkono.

"Mwache acheke," alisema.

Alimbeba kila siku hadi mtoto akatembea, na wazee hawakuja. Bibi hakumgusa Namsifu mpaka anaingia kaburini. Simlaumu, aliogopa kwa sababu alitupenda.

Nimefundisha kipaimara miaka mingi, na vijana huniuliza imani ni nini. Huwa nawasimulia habari hii, kisha nakwama. Nilikuwa karibu na Mama Elisante siku ile, niliuona uso wake, na haukuwa na amani hata chembe. Sijui kama ilikuwa imani au ni kukata tamaa. Namsifu sasa ni bibi wa watu. Akicheka harusini, wajukuu wake wanaona aibu, wanamvuta kanga anyamaze. Mimi huwaambia wamwache.