Vikombe Ndani ya Gunia la Mahindi

Juma lililopita, kwenye kizuizi cha polisi hapa Isiolo, lilisimama lori lililobeba nyumba nzima: vitanda, masufuria, kuku, pamoja na mume na mke waliokuwa wakihama kutoka Nakuru kwenda Marsabit. Walikuwa wamepakia wenyewe, na bado walikuwa wanabishana.

Askari alipanda na kile chuma kirefu cha kuchomea magunia kutafuta magendo. Alipolenga gunia la mahindi, mama alilikumbatia.

"Afande, usichome! Humu kuna vikombe vya harusi yangu."

"Vikombe ndani ya mahindi? Mama, unanichezea?"

"Mimi nilimwambia tuviache kwa dada yake," mume akadakia. "Barabara ya huko mbele itavisaga viwe unga."

Mama alifungua gunia, akazamisha mkono hadi kwapani, akatoa kikombe cheupe chenye maua mekundu, kizima kabisa. Akakipuliza vumbi, akakijaza chai ya thamosi, akampa askari.

Askari aliweka chuma chini ili akishike kwa mikono miwili. "Chai ya harusi," akasema, "na mimi hamkunialika!" Foleni nzima ikacheka.

Wasomaji huniuliza namna ya kuhamisha vyombo bila kuvivunja. Mahindi yanafaa, nimejionea. Ila anayejua kilichomo asiliache gunia peke yake. Lori lilipoondoka, mama alikuwa ameketi mbele na dereva. Kule nyuma, aliyelikumbatia gunia alikuwa mume.