Kesi Imerudi, na Shahidi Yupo Mkekani

Jumamosi jirani yangu wa Utange, afisa mstaafu, alitualika pilau. Kesi ya ufisadi iliyomkabili, ya kisima kilicholipiwa kisichimbwe, ilikuwa imetupwa kabla shahidi hata mmoja hajasikizwa. Kando yangu mkekani aliketi bibi mmoja wa mtaani aliyekuwa miongoni mwa mashahidi hao.

Tukiwa tunakula, wakili wa jirani yangu akapiga simu. Mwenyeji akasikiliza, akavua kofia akajifuta jasho.

"Mahakama ya Rufaa imeirudisha kesi," akasema. "Wanataka mashahidi wasikizwe kwanza."

Mikono ikasita juu ya sinia. Bibi peke yake akatabasamu.

"Alhamdulillahi! Nilidhani hakuna atakayeniuliza."

Mke wa mwenyeji akamsogezea nyama upesi. "Ongeza, Bi mkubwa."

"Naongeza, mwanangu, pilau ni tamu wallahi. Lakini kortini nitasema nilichokiona. Mashine ya kuchimba ililetwa, ikapigwa picha, ikaondoka."

Tukaangua kicheko, na mwenyeji naye akashindwa kujizuia.

Huenda jirani yangu hana kosa. Bibi akishasema na wakili akishamhoji, tutajua. Mimi siku hiyo nitafika kortini mapema, nipate kiti cha mbele.