Ahadi ya Mjomba

Mimi ni msusi, na mdomo wangu unafanya kazi kuliko vidole. Wateja wangu wote wa Rosettenville, mtaa ninaoishi huku ugenini, walijua kuwa mdogo wangu ni mpiganaji wa kulipwa, wa ule mchezo wa ngumi, mateke na kukabana ndani ya uzio. Nilikuwa nimeona kwenye simu mabingwa wa Marekani na magari yao, nikapiga hesabu zangu mwenyewe: kama wale wanapata mamilioni, wangu hawezi kukosa cha kueleweka. Kumuuliza, sikuwahi. Na kwamba mchana anavaa sare na kulinda mlango wa jengo la ofisi kule Randburg, nililiona ni ubahili tu wa kuficha hela zake.

Basi binti yangu akachumbiwa, tukaunda kamati ya harusi kama tunavyofanya kwetu Tanga. Jumapili mchana watu walijaa sebuleni kwangu, katibu na daftari lake, kila mtu anatamka ahadi yake na wenzake wanapiga makofi. Mdogo wangu alikaa karibu na mlango. Zamu yake ilipofika alifungua mdomo, nami nikamuwahi.

"Huyu ndiye mjomba wa bibi harusi, na kwenye TV anaonekana," nikasema. "Mwandikie randi elfu ishirini."

Makofi yalikuwa marefu. Yeye alitazama zulia.

Watu walipoondoka alinisaidia kukusanya vikombe. "Dada, ungeniuliza kwanza," akasema. Kisha, huku akiviosha, akanieleza mambo ambayo ningeweza kuyajua miaka yote ile. Mwandaaji hulipa nusu kwa kuingia ulingoni na nusu kwa kushinda. Pambano lake la mwisho lilikuwa randi elfu nane kwa kuingia na elfu nane kwa kushinda, na alikuwa ameshindwa. Kwenye zile nane alizopata, kocha ana fungu lake, vipimo vya damu na macho anajilipia, na kuna tiketi anazopewa aziuze mwenyewe, zisipouzika, anakatwa. Kwa mwaka anapigana mara mbili, akibahatika mara tatu.

"Eish, dada, sare ndiyo inayonilisha. Waambie tu kamati ulikosea. Mniandikie elfu mbili, hiyo naiweza."

"Nisimame mbele za watu niseme nilikosea? Watanionaje?"

Hakubishana. Mama yetu alipofariki nilimlea mimi, na hajazoea kunipinga. Nililijua hilo nilipokuwa nikisema.

Wiki iliyofuata alinipigia simu. Amepata pambano la haraka, mtu mwingine amejitoa. Mpinzani amemzidi uzito, na jicho lake mwenyewe la kushoto lilikuwa halijapona tangu alipoumia mazoezini; kocha amemkataza. Lakini mwandaaji huyu ni wa vichochoroni, haulizi vipimo, na akishinda deni la harusi litapungua sana. Kisha akaniuliza, "Unaonaje, dada?" Leo najua alikuwa ananisubiri niseme aache. Nikamwambia Mungu atasaidia, nikakata simu, nikaenda kwa fundi, mtaa wa Kensington, kupima gauni langu.

Alipigwa raundi ya pili. Jicho lile liliingiwa na kiza upande mmoja, na hospitali walipomfanyia upasuaji walisema wameokoa walichoweza. Akalipwa nusu, ile ya kuingia tu. Zilizobaki alizipata kwa kuuza kigari chake, na ahadi akaimaliza yote kabla ya siku ya harusi. Katibu aliposoma kwenye kikao kuwa mjomba amekamilisha, bado nilikuwa na nafasi ya kusema kitu. Nikasema, "Huyo ndiye mdogo wangu."

Aibu niliyonayo si ya kutojua. Kutojua ningejisamehe. Nilikuwa nimeshajua, jikoni kwangu, vikombe vikiwa bado vina povu, na nikachagua makofi.

Siku ya harusi alivaa miwani nyeusi. Watu waliona ni mambo ya ustaa, wakapanga foleni kupiga naye picha. MC akamwita jukwaani, "mjomba bingwa," akampa kipaza sauti, naye akawaombea maharusi heri kwa maneno mawili matatu mazuri. Alipotaka kushuka alisimama ukingoni, nami nimesimama hapo kwenye ngazi, akaninong'oneza, "Dada, nishike. Ngazi za upande huu sizioni."

Nikampa mkono. Tukashuka ngazi moja moja, yeye akipapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele kwa jinsi dada na mdogo wake wanavyopendana. Mpiga picha akasema tutazame kwake. Nikatabasamu.