Siku Niliyofunika Kompyuta ya Binti Yangu

Laiti ningewaambia wakwe wasije. Baba mkwe wa binti yangu aliponipigia simu asubuhi ile, akasema wako njiani kutoka Butali kuja kumchukua mke wao, ningeweza kujibu, "Leo hapana, njooni kesho." Maneno manne tu. Badala yake nilisema, "Karibuni," nikatoka nje kukamata kuku.

Binti yangu alikuwa amerudi kwangu Lurambi kwa sababu mumewe alimkataza kazi. Kabla ya ndoa alikuwa akiandika programu za kompyuta. Alipotaka kuianza tena alikuta mambo yamebadilika, akaketi kwenye meza yangu kando ya dirisha, akajifunza upya mpaka macho yakawa mekundu. Nilimuuliza kama hachoki kukosea. Akacheka.

"Hii haigombi, Baba. Inakuonyesha tu mstari uliokosea, unarekebisha."

Siku ile alikuwa na mahojiano ya kazi. Watu wa kampuni moja ya Nairobi wangemtazama kwenye kompyuta akiandika programu mbele yao. Nilijua. Wiki nzima hakuzungumza jingine.

"Baba, waambie waje kesho."

"Wakwe hawaambiwi kesho."

"Basi shangazi awanawishe mikono."

"Mwingine akiwanawisha, watasema umeikataa ndoa."

"Si nimeikataa!"

Nilijifanya sikusikia.

Walifika. Obusuma, ugali wetu, ukawa tayari, kuku wa ingokho akaiva, harufu ikajaa nyumba nzima, na yeye bado yuko chumbani akizungumza Kiingereza taratibu huku vidole vikigonga. Baba mkwe aliitazama mikono yake mikavu, kisha akasema kwa sauti ya kuchekesha watu, "Mkwe, kwako tutanawishwa na kompyuta?"

Dada yangu akadakia, "Ngojeni, hata ugali itasonga!"

Wakacheka. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo, lakini sina haki ya kuwakasirikia. Wao walicheka tu. Mimi ndiye niliyeinuka, nikaingia chumbani bila kubisha, nikamkuta katikati ya maelezo, vijana wawili kwenye kioo wakimsikiliza kwa makini. Niliifunika ile kompyuta kama mtu anayefunika sufuria. Mkono huu huu. Mjinga mkubwa mimi!

Binti yangu aliinuka. Alichukua birika na beseni, akapiga magoti, akawanawisha mmoja mmoja. Alipofika kwangu alimwaga maji akiutazama ukuta. Kisha nikawekewa firigisi, kipande cha mwenye boma, nami nikaitafuna, wakwe wakinisifu kwamba najua kulea.

Kazi ile alipewa mtu mwingine. Yeye aliondoka na wakwe jioni, na baada ya muda mfupi akawaacha nao pia. Kaka yake huniambia yuko Nakuru, ameajiriwa, anaandika programu. Nikimpigia hashiki. Majirani hunituliza eti damu ni nzito, atarudi tu. Waniondolee upuuzi wao. Alikuja kwangu akikimbia mtu aliyemfungia kazi, nami nikamfungia kwa mkono wangu mwenyewe, ili wageni wasinicheke.

Binti yangu yu hai, ana kazi aliyoitaka, na mimi hanihesabu tena kuwa baba yake.