Bwawa la Madam Wangeci

Kiwandani walimwita Madam Mazingira, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, naye Wangeci hakujali. Alikuwa binti wa Uthiru aliyehamia ghorofa za Kileleshwa, na mwaka huo wa 2006 alipewa kazi iliyowashinda wengi: kuingiza utunzaji wa mazingira katika kila idara ya kiwanda cha ngozi kilichokuwa juu kidogo ya kwao, ili kampuni ipate cheti walichokidai wanunuzi wa Ulaya.

Semina hazikusaidia kitu. Watu walisinzia, wakanywa chai, wakarudi kumwaga uchafu kama walivyozoea. Ndipo Wangeci akabuni dawa yake: msimamizi ambaye sehemu yake itakutwa safi siku ya ukaguzi atapata bonasi. Mkurugenzi, Zachariah, aliusifu mpango huo mbele ya wakubwa wote katika ofisi ya mjini. Kati ya wasomi wote wale, Wangeci akiwemo, hakuna aliyeuliza uchafu wenyewe utapelekwa wapi.

Asubuhi ya ukaguzi aliwahi kufika. Mawe ya njiani yalikuwa yamepakwa chokaa, utadhani anakuja rais. Akateremka hadi kwenye bwawa la majitaka, lile jeusi lililomnyima usingizi mwaka mzima, akalikuta tupu, sakafu imesuguliwa hadi saruji inaonekana. Alifurahi. Nasema kweli, alifurahi.

"Joash, lori la kunyonya majitaka lilikuja lini?" akamuuliza msimamizi wa bwawa.

"Lori ya nini, madam? Tulifungua tu ile valvu ya huko chini jana jioni." Joash akaelekeza kidevu mtoni, akitabasamu. "Bonasi ni yetu, ama?"

Wangeci akageukia mto. Ulipita nyuma ya boma la mama yake kule Uthiru. Mama alinywesha ng'ombe pale kila asubuhi, akachota na maji ya kunyunyizia sukuma wiki. Alimpigia simu, haikupokelewa. Alikuwa anapiga tena, gari la Zachariah lilipoingia, na ndani yake mkaguzi, Bi Simran.

"Wangeci, kuja hapa mbele," Zachariah akasema. Kinywa kilicheka, macho hayakucheka. Aliyeshika kazi ile kabla ya Wangeci alifutwa kwa neno moja lililomponyoka mbele ya wageni.

Simran alilitazama bwawa kwa muda mrefu.

"Nimekagua viwanda vingi, na sijaona bwawa safi hivi. Huu mpango ni wa nani?"

Simu ikatetemeka mkononi mwa Wangeci. Ni mama. Akaikata. Aliikata, jamani, kwa kidole chake mwenyewe.

"Ni wangu," akasema.

Wakampigia makofi, Joash akiwashinda wote. Wageni walipoelekea kwenye chai, Wangeci akajibanza nyuma ya stoo na kupiga simu ya mama. Aliyepokea ni Nyawira, jirani yao, akihema.

"Mami ako wapi?"

"Ng'ombe yenu imeanguka kwa mto, inatoa povu mdomoni. Mamako ameingia kwa maji kuivuta."

"Mwambie atoke! Nyawira, tafadhali, mtoe kwa hayo maji!"

"Ataiwezaje peke yake, Wangeci? Tumeingia sisi wote."